Hotpoti Ilirudi Tupu

Mbwera, 9 Aprili 2017

Wifi yangu Safina, shikamoo.

Ukiona barua badala ya simu ujue mambo yameharibika. Simu zetu zote mbili wamezichukua. Haidari amekamatwa, wifi. Mdogo wako amekamatwa jana asubuhi, mimi nikiwa nimekaa naye mtumbwini.

Nakueleza upesi maana Nurdini anataka kuondoa boti. Tulikuwa tunahamia shambani. Wewe umeolewa Kibiti miaka mingi lakini hujasahau mambo ya kwetu: mpunga ukianza kubeba, nyumba nzima inahamia dunguni, kibandani juu ya miti, kuamia ndege wasiule, na huko hakuna duka. Tulipakia magunia mawili ya mchele, chumvi, dumu la mafuta ya taa, samaki wakavu, chandarua na sufuria. Tukakutana na boti ya askari wa operesheni. Mmoja akauliza, "Chakula chote hiki cha watu wawili?" Haidari akamjibu kwamba ni cha miezi miwili, tunakwenda kulinda mpunga. Askari akacheka, akasema, "Unawalisha majambazi wenzako waliojificha kwenye mikoko." Nikamwambia afande, huku kila mtu anafanya hivi, fuata mto huu utakuta madungu mpaka uchoke. Akaniambia ninyamaze kama naipenda mimba yangu.

Wakampiga na kitako cha bunduki, mgongoni na shingoni. Hakubishana nao, wifi. Alikuwa anasema tu, "Naomba nieleze, afande, naomba nieleze." Wakamfunga mikono kwa kamba yetu wenyewe ya mtumbwi. Mchele wakachukua, mimi wakaniacha.

Watu wanasema wanaokamatwa huku delta wanapelekwa Kibiti, kwenye kambi yao ya lile ghala la zamani la korosho. Nenda, nakupigia magoti. Mimi siwezi kusafiri, mimba ina miezi saba na zile mbili za mwanzo unajua zilitoka mwezi gani. Ukimwona mwambie nipo dunguni, mpunga wake naulinda.

Wifi yako,
Johari


Kibiti, 13 Aprili 2017

Johari, marahaba, na futa machozi kwanza ndipo usome.

Yupo! Nilikwenda Jumanne, nguo za jikoni mwilini, sikubadilisha hata khanga. Pale getini kuna askari mmoja mwenye pengo, akaingia ndani na jina la Haidari, akakaa weee, akarudi akasema kumwona marufuku lakini chakula nilete. Mimi tena! Stendi nzima inakula mikononi mwangu, nitashindwa na ndugu yangu wa tumbo moja? Nikapika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikamkamulia ndimu, nikatia kwenye hotpoti yangu nyekundu. Ikarudi tupu, imepanguswa hata punje hakuna. Jana vilevile. Mtu anayekula hivyo ni mzima, usinisumbue.

Jana pia wamenipa shati lake, lile la drafti ya bluu, wakasema nikalifue. Nimelifua na nakuletea kwa mkono wa Nurdini. Haidari nimempelekea jingine la shemeji yako.

Usitafute simu ya kuazima ukanipigia. Hapa wanasimamisha watu na kusoma mpaka meseji, na ikifika saa kumi na mbili jioni hata bodaboda hupati. Tuandikiane hivihivi. Wewe kazi yako ni moja, kula na kulala, mtoto atoke salama. Huku niachie mimi. Unanijua nilivyo king'ang'anizi.

Safina


Mbwera, dunguni, 21 Aprili 2017

Wifi, shikamoo.

Allah akuzidishie. Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya tano nikamsomea Tatu wa dungu la jirani, tukacheka mpaka ndege wakakimbia wenyewe. "Usinisumbue"! Nikakusikia kabisa sauti yako.

Shati limefika. Ila Jiki yako haikufua dafu mbele ya rangi ya mikoko, wifi. Mashati yote ya mkata boriti kama Haidari ndivyo yalivyo, magome yakishagusa nguo basi, utafua mpaka uote sugu. Hili lina doa kwenye bega, na jingine kubwa toka kwenye ukosi mpaka mgongoni. Sijalifua tena. Nalilalia.

Mpunga unakwenda vizuri, nguruwe wameingia upande mmoja tu. Tatu ananipa chakula, usiwe na wasiwasi. Naamka mapema, napiga debe na kupiga kelele, mchana miguu inavimba lakini mtoto anacheza. Tumefika mwezi wa nane, wifi. Hatujawahi kufika hapa.

Nina ombi. Unapompa askari hotpoti, mwombe amuulize Haidari jina la mtoto. Tulikuwa hatujaelewana. Neno moja tu, akilituma nitajua limetoka mdomoni kwake na nitalala.

Wako,
Johari


Kibiti, 2 Mei 2017

Johari, marahaba.

Nisamehe kwa kuchelewa, malaria ilinishika kidogo. Sasa sijambo.

Chakula napeleka kila siku. Hotpoti inarudi tupu.

Jina nimeuliza kama ulivyotaka. Amesema wa kiume aitwe Nasibu, wa kike aitwe Yasmin. Amesema ukae ule, usibebe vitu vizito na usisikilize maneno ya watu wanaopita na mitumbwi. Kuna waongo wengi siku hizi. Usimsikilize mtu yeyote isipokuwa mimi.

Ukijifungua tu, siku hiyohiyo nitumie habari. Hata kama ni mstari mmoja.

Safina


Mbwera, 6 Juni 2017

Wifi yangu kipenzi, shikamoo na Ramadhani njema.

Nasibu amekuja! Jumatatu ya tarehe 29 Mei, adhuhuri, hapahapa dunguni, mikononi mwa Tatu. Mzima, ana nywele nyingi na sauti ya mpiga debe. Nilishindwa kuandika siku ileile, nilikuwa sina nguvu, na boti haikuja. Niliposikia analia nikasema Haidari, yule wa tatu amekaa. Siku ya saba tumemwita jina alilolituma baba yake, watu wote wamesema amina. Nimepakwa hina miguu yote miwili, Tatu amenisinga, nimefungwa khanga mpya. Laiti ungeniona.

Na kuna habari nyingine njema. Juzi Jumapili walikuja watu wawili kwa boti, mmoja askari, mmoja amevaa kiraia, wapole, wakampongeza mtoto. Wakasema kesi za watu wa delta zinafungwa kabla ya Idi na Haidari atatoka, ila kuna karatasi lazima mke aweke sahihi. Nilisoma, si kwamba sijui kusoma. Imeandikwa kwamba mume wangu aliondoka nyumbani kwa hiari yake tarehe 7 Aprili kwenda Msumbiji kutafuta kazi, na kwamba hajawahi kukamatwa na askari yeyote. Nikasema, afande, mbona hii si kweli? Yule wa kiraia akasema ndivyo kesi inavyofutwa: kama hakukamatwa, basi hana kosa, anatoka msafi, hawezi kufunguliwa tena shitaka. Nikasita. Tatu alininong'oneza nisisaini. Nikakumbuka barua zako, kwamba anakula kila siku, kwamba ametuma jina. Nikajiambia mtu ambaye wanamlisha na kumpelekea salamu zake hawana nia mbaya naye. Nikasaini. Wakanipa mkono, wakaondoka.

Kwa hiyo ukiona geti linafunguliwa umpokee wewe, umpe futari kwanza, halafu umpandishe boti ya Nurdini. Nimemwekea mpunga mpya.

Mama Nasibu,
Johari


Kibiti, 9 Juni 2017

Johari,

Nimesoma nusu ya barua yako nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Nimesoma nusu ya pili nikakaa chini kwenye majivu.

Sikujua watakuja kwako. Wallahi sikujua. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu, ujifungue, ndipo nikwambie. Nilihesabu siku zako kuliko ulivyozihesabu wewe. Kaa, mlaze mtoto kwanza, mwite Tatu akae karibu nawe.

Haidari amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alifariki Jumatatu tarehe 10 Aprili mchana, siku mbili baada ya kukamatwa. Nilipofika getini Jumanne na wali wangu alikuwa ameshakufa. Hakuonja hata tonge moja.

Nimejua namna hii. Tarehe 15 Aprili nilirudi getini kabla ya wakati kwa sababu nilisahau pilipili. Nikamkuta yule mwenye pengo amekaa kwenye tairi, hotpoti yangu magotini, anakula samaki wa mdogo wangu na kutema miiba. Hakuona hata haya. Akaniambia, "Mama, leo chumvi umepunguza." Nikajidanganya kwamba labda wanagawana. Halafu tarehe 25 akaja kwangu kijana wa Nyamwage, Huseni, aliyekuwa amefungiwa naye na wakamwachia. Alikuwa hawezi kukaa, alikunywa chai amesimama. Akaniambia walimning'iniza Haidari kwenye boriti za ghala, wakamuuliza majina ya watu aliowapelekea mchele. Akataja majina ya wenye madungu wote wa mto, akidhani anaeleza. Wakampiga mpaka akawa hasemi. Huseni mwenyewe ndiye aliyeambiwa ashike blanketi walilombebea, upande wa miguu. Wapi walimpeleka, hajui. Gari lilielekea njia ya Ndundu.

Shati nililopewa, Johari, lilikuwa na damu. Nililifua mara tatu. Nilifikiri nitampelekeaje mja mzito shati la mumewe lina damu? Nilikuwa nafua na kusema ni magome, ni magome. Sasa najua walinipa ili niendelee kupika.

Na jina nililitunga mimi. Hakuna malaria niliyougua.

Nitukane, nastahili. Lakini hizo mbili za mwanzo nilizizika mimi kwa mikono yangu, wewe ulikuwa umezimia. Nilisema hii ya tatu sitaizika. Na kuna jambo baya kuliko yote nakuambia ili lisibaki: hata baada ya Huseni, niliendelea kupeleka hotpoti mpaka wiki iliyopita. Nilijua nani anakula. Nilijiambia siku nitakayoacha ndiyo siku nitakayokuwa nimekubali kwamba amekufa.

Safina


Mbwera, 1 Julai 2017

Safina,

Shikamoo yako ipo, sitakunyima, lakini leo sikuiti wifi.

Idi imepita. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoandika nilichana. Maziwa yalikauka siku nne, mtoto akanyonyeshwa na binti wa Tatu. Ulitaka kuokoa mtoto? Hongera, umemwokoa. Baba yake umemuua mara ya pili, na mimi pamoja naye.

Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa, nikamuuliza kana kwamba naulizia jirani: mwanamke akifiwa na mume naye ana mimba, eda yake ni ipi? Akasema akijifungua tu imekwisha, hata kama ni kesho yake. Nikarudi dunguni nikahesabu. Tarehe 10 Aprili mpaka 29 Mei. Siku arobaini na tisa nilikuwa katika eda ya Haidari na sikujua. Nimecheka siku hizo na Tatu. Nimejipaka mafuta ya nazi. Nimesikia taarabu kwenye redio yake, nikaimba! Na eda ilipokwisha nikapakwa hina. Mjane yeyote, hata yule aliyekuwa hampendi mumewe, anapewa siku zake za kukaa na kitambaa cheupe, watu wanakuja, wanampa pole. Mimi yangu ilikwisha kabla sijaianza. Nataka kukaa eda, naambiwa sina haki tena. Nani atanirudishia siku zile? Wewe? Yule mwenye pengo?

Nililitoa shati nikalitazama juani. Nina miaka tisa ya kufua nguo za mkata boriti, na nilikuandikia mwenyewe kwamba ni mikoko! Haidari alibebea bega la kushoto tu, na rangi ya magome hukaa palepale boriti inapoegemea. Haitiririki. Lile doa la mgongoni linatiririka toka ukosini. Kwa miezi miwili nimelaza shavu juu yake.

Sasa nisikilize. Tatu ana ndugu Nyamwage, ameleta habari kwamba wakili mwanamke anatoka Dar, anaitwa Muzdalifa, anaandika malalamiko ya watu ambao ndugu zao wamechukuliwa, bila malipo. Atakuwa Kibiti tarehe 13 mwezi huu. Wao wana karatasi yenye sahihi yangu kwamba Haidari alikwenda Msumbiji. Mimi nina barua zako. Zinasema nini barua zako? Kwamba tarehe 2 Mei alikuwa hai, anakula, anachagua majina! Wakizishika hizo watasema: mnaona, hata dada yake anasema alikuwa mzima, basi kama hayupo katoroka. Wewe na wao mmeandika uwongo ukakutana katikati, na mume wangu amezikwa humo ndani kwa kuwa kaburi jingine hana.

Kuna mtu mmoja tu anayeweza kuutoa uwongo huo. Utasimama useme ulidanganya? Mbele ya wakili, na baadaye mbele ya hakimu, na wale wanaokula kwenye banda lako wakikutazama? Sitaki pole. Nataka jibu.

Johari


Kibiti, 6 Julai 2017

Johari,

Jibu ni ndiyo.

Banda nimefunga. Si ushujaa, siwezi tena kumpakulia mtu yeyote mwenye gwanda, mchuzi naumwaga nje ya sahani. Huseni nimemtafuta Nyamwage, mama yake anasema ameondoka na hataki kujua ameondoka kwenda wapi. Hakuna mwingine aliyeshika lile blanketi na akakubali kusema. Kwa hiyo nimebaki mimi, na mimi ni shahidi mbaya, mwongo kwa maandishi yake mwenyewe.

Jana nilikwenda getini mchana, saa ileile ya chakula, mikono mitupu. Nikamwambia yule mwenye pengo nimekuja kuchukua hotpoti yangu, ile niliyoiacha kwake siku ya mwisho. Akasema hotpoti gani, hapa hajawahi kuletewa chakula mtu anayeitwa Haidari. Nilikuwa naiona, Johari, nyekundu, ipo juu ya dirisha nyuma yake, nimeiandika S kwa rangi ya kucha. Nikasema ile pale. Akanisukuma, nikaanguka, kiwiko kimechubuka. Leo nimekwenda tena. Kesho nitakwenda. Watu wa stendi wameanza kuja kusimama upande wa pili wa barabara kutazama, na mmoja alipiga picha ya lile dirisha akakimbia nayo.

Shemeji yako amesema nikitoa ushahidi nitamletea makubwa nyumbani. Nimemwambia makubwa yameshakuja.

Umeandika kuhusu eda nikasoma kwa sauti. Na mimi nikwambie yangu. Dada haruhusiwi kumwekea ndugu yake matanga zaidi ya siku tatu. Nilizihesabu toka siku Huseni alipokuja. Siku ya kwanza nilikata vitunguu ili mtu asiniulize. Siku ya pili nilipeleka hotpoti. Siku ya tatu niliketi kukuandikia kwamba anakula, nikachana, nikaja kumaliza baadaye. Siku zangu zote tatu nimezitumia kudanganya. Sijamlilia Haidari hata mara moja, nami ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokuwa akipanda mpunga.

Barua zako na zangu zote zilete, usifiche hata moja. Nitamwambia wakili mstari upi ni kweli na upi nilitunga.

Safina


Mbwera, 10 Julai 2017

Wifi,

Nimekuita wifi. Sijakusamehe, lakini sina neno jingine la kukuita.

Tunakuja Jumatano na boti ya Nurdini, mimi, Tatu na mtoto. Shati nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni, halijaguswa na maji tena. Barua zote zipo kifuani kwangu. Tatu atasema aliyoyaona siku wale wawili walipokuja na karatasi. Naogopa, wifi. Kama wakitusimamisha njiani sijui nitasema nini. Lakini tumeshavuna mpunga wote, sina tena pa kujifichia.

Jambo la mwisho. Lile jina ulilolitunga nimelivua. Ijumaa nilimpeleka mtoto kwa mwalimu, nikamwambia asome dua upya, mbele ya watu. Unajua kwetu mtoto haitwi jina la baba aliye hai. Waliposikia jina, wanawake walikaa chini palepale wakaanza kulia, na mimi nikalia nao, mpaka alasiri. Ndiyo matanga yake, hayo. Wao wabaki na karatasi yao ya Msumbiji. Kuanzia Ijumaa, kila anayemwita mwanangu hapa Mbwera anasema baba yake amekufa, na anayepita na boti anasikia.

Pale gatini Nyamisati utakapotupokea, askari huwa wanasimama karibu na ngazi. Ukituona tunashuka, usinikimbilie mimi. Mwite mtoto. Mwite Haidari, kwa sauti yako ile ya stendi.

Johari